Mkono wa Mkamuaji

Katika mashamba yetu mengi ya skimu ng'ombe hukamuliwa kwa mkono, asubuhi na jioni, na mara nyingi mkamuaji ni yule yule mmoja. Ikawa siku moja asema kifundo cha mkono chamwuma upande wa kidole gumba, hata ndoo hawezi kuiinua. Watu wa nyumbani husema ni uvivu. Mimi nasema si uvivu, na anayebisha akamue ng'ombe watatu mwezi mzima, kisha tuzungumze.

Jambo lenyewe ni hili. Vidole huvutwa na kano zitokazo katika nyama za mkono, chini ya kiwiko. Penye kifundo kano hizo hupita ndani ya ala, kama panga liingiavyo alani mwake. Ukirudia mwendo mmoja siku nyingi, ala hufanya unene na kubana, na kano haipiti ila kwa maumivu. Fritz de Quervain, daktari wa Uswisi, aliueleza ugonjwa huu wa upande wa kidole gumba mwaka 1895. Basi haukubuniwa na mvivu wa huku kwetu.

Dawa ya kwanza ni kumpa mtu mwingine ndoo kwa majuma machache, na kufunga kidole gumba pamoja na kifundo kwa gango. Usikubali kukandwa kwa nguvu. Maumivu yasipokwisha, hospitali iko sindano, na ikishindikana iko operesheni ndogo. Tena, mwenye kuvuta chuchu kwa vidole viwili ajifunze kukamua kwa kiganja kizima. Yafaa mkono, na chuchu pia. Mama aliyejifungua karibuni ndiye apumzishwe kwanza, kwani hata kumwinua mtoto kwaweza kuleta ugonjwa huu. Ng'ombe akivimba kiwele twamwita daktari siku hiyo. Kwa nini mke aambiwe avumilie?

Bali mwiba ukikuchoma kidole upande wa kiganja, kikavimba chote na kujikunja, na kukinyosha ni uchungu mno, hapo usingoje kupumzika. Huenda ni usaha ndani ya ala. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama maziwa hayajapelekwa, maana kidole chaweza kukakamaa daima, au kukatwa.