Treni za mezani si mchezo wa watoto

Hapa Toronto kuna klabu ya treni ndogo za mezani tangu mwaka 1938. Najua mtasema, watu wazima na midoli? Mimi nasema ile ni shule.

Kila kichwa cha treni kina saketi yenye namba yake. Kikiwa kipya kwa kawaida namba ni 3, kwa hiyo vichwa viwili vipya huondoka kwa amri moja! Ndipo inapokuja programu ya kompyuta iitwayo JMRI. Unabadili namba, unapanga treni iondoke taratibu, unapanga taa zizuie treni mbili zisiingie njia moja.

JMRI ni ya bure, na inaigiza mitambo hata kama huna treni. Sasa jamani, treni yetu ya umeme ya SGR ilianza kubeba abiria Dar–Morogoro Juni 2024. Vijana wetu waishie kukata tiketi tu? Wanaoniomba simu mpya kila mwezi, waazime kompyuta waanze na hii. Wataalamu wa ishara watoke kwetu.

Naomba kuwasilisha. Wazee shikamooni.