Mwamba Ngoma Huvutia Kwake



Wiki hii tumeona vema tutafakari juu ya upepo: ule unaozungusha mitambo ya kuzalisha umeme, na juu ya watu wenye mamlaka ya kuamua mitambo hiyo izunguke au isimame. Habari tutakayoieleza imetokea mbali nasi, huko Uskoti na Marekani. Lakini swali lililomo ndani yake tunakutana nalo hata katika kamati ya ujenzi ya kigango. Je, mtu ambaye mali yake inajadiliwa mezani anaweza kuketi kwenye meza hiyohiyo kama mwamuzi?

Mwaka 2006 mfanyabiashara wa Marekani, Donald Trump, alinunua shamba la Menie katika pwani ya Aberdeenshire, kaskazini-mashariki mwa Uskoti, akikusudia kujenga viwanja vya gofu juu ya matuta ya mchanga yaliyoko kando ya bahari. Kamati ya halmashauri ya huko ilimkatalia mwaka 2007. Serikali ya Uskoti ikalichukua shauri hilo mikononi mwake, na mwaka 2008 ikampa kibali. Waziri Kiongozi wa wakati huo, Alex Salmond, alikuwa pia mbunge wa eneo hilohilo. Kiwanja cha kwanza kilifunguliwa Julai 2012.

Wakati huohuo, baharini mbele ya kiwanja, mpango mwingine ulikuwa unaiva: mitambo 11 ya upepo katika Ghuba ya Aberdeen, kilomita chache tu kutoka ufukweni. Mwenye kiwanja hakutaka wageni wake wainue macho kutoka kwenye majani mabichi na kuiona mitambo hiyo, wala hakulificha jambo hilo. Aprili 2012 alifika mbele ya kamati ya Bunge la Uskoti akadai kwamba mitambo ya upepo ingeua utalii wa nchi nzima. Alipoulizwa ushahidi wake uko wapi, alijibu kwamba ushahidi ni yeye mwenyewe. Alidai pia kuwa viongozi walikuwa wamemhakikishia kwamba mitambo haitajengwa mahali pale. Bwana Salmond alikanusha. Machi 2013 Serikali ya Uskoti ikaupa mradi kibali. Mfanyabiashara akaenda mahakamani, akashindwa ngazi baada ya ngazi, hata Mahakama ya Juu ya Uingereza ilipoikataa rufaa yake Desemba 2015. Mitambo ilianza kutoa umeme mwaka 2018, nayo ina uwezo wa zaidi ya megawati 90.

Mpaka hapo hatuna neno la kumlaumu. Jirani anayo haki ya kulalamika juu ya kinachojengwa mbele ya nyumba yake, naye alipita njia ambayo sheria imemwekea kila mtu: barua, kamati, mahakama. Alishindwa kama wengine wanavyoshindwa. Mkulima asiyetaka nguzo za umeme zipite shambani mwake anatenda vivyo hivyo, wala hatumwiti fisadi.

Mambo yalibadilika Novemba 2016, mlalamikaji alipochaguliwa kuwa Rais wa Marekani. Siku chache tu baada ya uchaguzi alikutana mjini New York na mwanasiasa wa Uingereza, Nigel Farage, pamoja na wenzake, na baadaye habari zikatoka kwamba aliwahimiza wapambane na mitambo ya upepo nchini kwao. Wahariri wa gazeti la New York Times walipomuuliza mwezi huohuo, hakukataa; alisema huenda aliligusia jambo hilo. Katika mazungumzo hayohayo alisema pia kwamba sheria iko upande wake, kwa kuwa Rais hawezi kuwa na mgongano wa maslahi.

Tungependa msomaji atue kidogo juu ya kauli hiyo ya mwisho, maana ndipo lilipo shauri lote. Kwa upande mmoja ina ukweli. Sheria ya jinai ya Marekani humkataza mtumishi wa serikali kushiriki katika uamuzi unaogusa mfuko wake, lakini sheria hiyo haimhusu Rais wala Makamu wake. Mtumishi wa kawaida wa wizara anaweza kufungwa kwa jambo ambalo mkuu wa nchi hawezi hata kushitakiwa kwalo. Lakini kusema kwamba sheria haikukatazi ni jambo moja, na kusema kwamba mgongano haupo ni jambo jingine kabisa. Kibali cha sheria hakiondoi kiwanja cha gofu kichwani mwa mwenye kiwanja.

Mwaka 2017 alikabidhi usimamizi wa biashara zake kwa wanawe, lakini hakuziuza. Tunakumbuka kwamba Rais Jimmy Carter, alipoingia madarakani mwaka 1977, aliiweka biashara yake ya karanga chini ya mdhamini ambaye hakupaswa kumpa habari zake. Alipotoka mwaka 1981 aliikuta ina deni la yapata dola milioni 1. Karanga, wapendwa! Nani angedhani kwamba mtu ataiongoza dunia vibaya kwa sababu ya magunia ya karanga? Hata hivyo yeye aliona afadhali biashara yake idhoofike kuliko raia mmoja aulize kama bei ya zao hilo ilipangwa kwa ajili ya Rais.

Basi tufike mwaka 2025. Tarehe 20 Januari, siku ileile alipoapishwa kwa mara ya pili, Rais Trump alitia saini waraka wa kufunga bahari yote ya Marekani kwa ukodishaji mpya wa maeneo ya mitambo ya upepo, na kusimamisha vibali vipya vya miradi ya upepo, ya baharini na ya nchi kavu. Mwezi Aprili ikatolewa amri ya kusimamisha ujenzi wa mradi wa Empire Wind mbele ya New York. Amri hiyo iliondolewa mwezi uliofuata. Mwezi Agosti ikaja zamu ya Revolution Wind, mradi wa mitambo 65 uliokusudiwa kuyapatia umeme majimbo ya Rhode Island na Connecticut. Kazi ilikuwa imekamilika kwa asilimia 80 hivi, na mitambo 45 ilikuwa imekwisha kusimikwa. Mafundi waliokuwa baharini wakaambiwa waache nyundo chini. Mwezi mmoja baadaye jaji aliruhusu kazi iendelee, na Desemba 2025 jaji mwingine, huko Massachusetts, akaamua kwamba kusimamisha vibali vyote kwa jumla namna ile kulikuwa kinyume cha sheria.

Je, yote hayo yalitendeka kwa sababu ya mitambo 11 ya Aberdeen? Hatusemi hivyo, wala hatuwezi kusema hivyo. Wako watu waaminifu wanaopinga mitambo ya upepo baharini: wavuvi wanaohofia maeneo yao ya kutegea nyavu, wapenzi wa ndege, walipa kodi wanaohesabu ruzuku. Hoja zao zinastahili kusikilizwa na kupimwa. Wala chama chake hakina uadui wa asili na upepo. Texas, jimbo ambalo limekuwa mikononi mwa chama hicho kwa miaka mingi, ndilo linaloongoza Marekani yote kwa umeme wa upepo. Inawezekana kabisa kwamba Rais aliamua alivyoamua kwa sababu ambazo mtu asiye na hata jani moja la gofu angeweza kuwa nazo.

Lakini tazameni hasara iliyopatikana. Mvuvi wa Rhode Island mwenye hoja ya kweli sasa hoja yake imechafuliwa, kwa kuwa kila anapoisema watu wanakumbuka gofu. Fundi aliyerudishwa nyumbani mwezi Agosti hawezi kujua kama alisimamishwa kwa ajili ya usalama wa nchi yake au kwa ajili ya mandhari ya mtu. Serikali ilipotaja sababu za usalama, wengi hawakuzipima sababu zenyewe. Waliutazama mdomo uliozitaja. Na Julai 2025 Rais alipokwenda Uskoti, akakutana na kiongozi wa Tume ya Ulaya, Ursula von der Leyen, katika kiwanja chake kingine cha Turnberry, mazungumzo yalihusu biashara ya mabara mawili. Naye akatumia sehemu ya nafasi hiyo kuilaumu mitambo ya upepo inayoonekana kutoka kiwanjani. Siku mbili baadaye alifungua kiwanja cha pili kule Menie. Nani atawalaumu watu wakishindwa kutofautisha kauli ya Rais na kauli ya mwenye hoteli? Yeye mwenyewe hajawasaidia kutofautisha.

Hilo ndilo kosa tunaloliona, nalo lingebaki kuwa kosa hata kama uamuzi wenyewe ungekuwa sahihi. Mwamba ngoma huvutia kwake, wazee walisema, na hawakumtoa mwamba ngoma hodari wala mwamba ngoma mwema. Katika kamati ya ujenzi, mjumbe mwenye duka la saruji hutoka nje wakati wenzake wanapochagua muuzaji. Hatoki kwa sababu amekwisha kuiba. Hutoka ili hata saruji yake ikichaguliwa, waamini waliochanga shilingi zao wasiwe na neno la kunong'ona. Kumtaka mkubwa wa nchi afanye kile tunachomtaka muuza saruji si kumwonea.

Tusidhani pia kwamba maslahi huvuta upande wa kuupinga upepo tu. Nchini Italia, mwaka 2019, naibu waziri mmoja wa miundombinu alichunguzwa kwa tuhuma kwamba alipokea au aliahidiwa euro 30,000 ili aingize katika sheria kipengele cha kuwanufaisha wenye mitambo midogo ya upepo. Alikanusha, na Waziri Mkuu Giuseppe Conte akamwondoa katika wadhifa mwezi Mei mwaka huo. Nishati safi haimtakasi anayeigusa. Palipo na ruzuku, ardhi ya kukodisha na mkataba wa miaka 20 wa kuuza umeme, watakuwapo wakubwa watakaoupenda upepo ghafla, na mapenzi hayo yanapaswa kuulizwa maswali yaleyale anayoulizwa mwenye gofu.

Nasi wenyewe je? Singida na Makambako upepo umepimwa kwa miaka mingi, na miradi imezungumzwa sana. Siku mitambo itakapowekwa kwa wingi, ardhi itakuwa ya mtu, kampuni ya ujenzi itakuwa ya mtu, na mafuta na gesi vinavyoshindana na upepo vitakuwa na watu wake vilevile. Nchi yetu ililifikiri jambo hili mapema kuliko nyingi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni yoyote, kuwa mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili au zaidi, na kuwa na nyumba ya kupangisha. Yalikuwa masharti makali. Wengine watasema yalizidi kiasi, kwani yalimnyima mtumishi hata kibanda cha kumlinda uzeeni. Mwaka 1991, huko Zanzibar, masharti hayo yalilegezwa. Tangu hapo kiongozi anaweza kufanya biashara, na mahali pa katazo pamechukuliwa na tamko: Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inamtaka aandike mali na madeni yake na kuyawasilisha kwa Kamishna wa Maadili.

Sisi hatuombi turudi 1967. Lakini tamko linaloishia katika kabati la ofisi humfahamisha karani, halimfahamishi mwananchi wa Singida atakayeombwa kuachia shamba lake. Mwananchi huyo angetaka kujua, kabla ya kuweka dole gumba kwenye karatasi, ni nani kati ya waliokuja kumshawishi ana hisa katika kampuni inayolitaka shamba hilo, na nani kati ya wanaomzuia ana malori yanayobeba mafuta ya jenereta. Maswali hayo mawili yanaweza kuulizwa katika mkutano wa kijiji, hadharani, na majibu yakaandikwa katika muhtasari wa kikao kabla ya mtu yeyote kupiga kura.