Msiite Mila

Kila mtu mwenye ualbino anaposhambuliwa Kanda ya Ziwa, hakosekani msomi wa kusema kwa upole kwamba hizo ni mila za Wasukuma. Mimi ni Msukuma wa Shinyanga, na ninakataa.

Hazina za mila yetu zinajulikana. Nenda makumbusho ya Bujora, Kisesa, ukazione ngoma na viti vya watemi. Ziliaminika kuwa na nguvu, sibishi. Lakini nguvu hiyo ilidaiwa hadharani. Mtemi aliwajibika kwa mvua na mavuno ya nchi nzima, na ukame ulipozidi aliweza kuondolewa. Aliyeshika hazina alikuwa na deni kwa watu.

Wala si sisi peke yetu. Waayalandi wana hazina nne za Tuatha Dé Danann, zinazosimuliwa katika miswada ya enzi za kati kama Kitabu cha Njano cha Lecan, cha karibu mwaka 1400: jiwe linalolia chini ya mfalme halali, mkuki, upanga, na chungu ambacho hakuna kundi lililokiacha bila kushiba. Walioyaandika hayo walikuwa Wakristo, na hawakuona aibu kuyahifadhi. Angalia chungu kile: kilishibisha kundi.

Sasa linganisha na dawa anayouziwa mchimbaji wa Geita. Inauzwa kwa siri, kwa mtu mmoja, ili duara lake litoe dhahabu na la mwenzake likauke. Mteja analipa fedha. Mwili unalipwa na mtoto wa jirani. Mchimbaji mdogo anachimba bila kujua mshipa umelala wapi, na mganga anamuuzia uhakika. Hiyo ni biashara, tena changa: mauaji haya yalianza kuripotiwa kwa wingi kuanzia mwaka 2007 hivi, wakati bei ya dhahabu ikipanda. Watemi walikuwa wameondolewa madarakani tangu miaka ya 1960.

Mwaka 2009, mahakama iliyoketi Kahama iliwahukumu wanaume watatu kunyongwa kwa kumuua mvulana mwenye ualbino. Iliwahukumu watu, kwa kosa lenye jina. Sisi tunaoandika tunashindwa nini? Neno "mila" linamfaa mnunuzi kuliko mtu yeyote, maana mila haina uso, haikamatwi, haina akaunti ya benki. Yeye anavyo vyote hivyo. Mwandikeni yeye.