Usiku Mmoja Unatosha

Kuna dharau imeota mizizi katika maandishi ya safari, nami nimechoka kuinyamazia. Eti treni ya usiku isiyomaliza walau siku nzima relini si safari. Eti ukipanda München usiku ukashuka Venezia asubuhi, hujasafiri. Umehamishwa tu kama mzigo ukiwa umelala. Msafiri wa kweli, tunaambiwa, hukaa siku tatu dirishani na daftari mapajani, akafika amekuwa mtu mwingine. Sisi wengine ni abiria tu.

Mimi nasema hapana. Kwa mtu anayeishi mji mkubwa wa Kijerumani kama huu, safari fupi ya usiku ndiyo ya kuchagua, na ndiyo ya kupigania.

Tuanze na neno lenyewe. "Safari" tumelipata kwa Waarabu, Wazungu wakalipata kwetu, na lilipofika Ujerumani likageuka kuwa shughuli ya kutazama simba ukiwa garini. Kwetu halikuwahi kuwa na masharti hayo. Anayetoka Dar kwenda Bagamoyo huambiwa safari njema, na hakuna anayemuuliza atarudi amebadilika kiasi gani. Hata masheikh wetu wa Kishafii, watu wa kupima mambo kwa mizani, humruhusu msafiri kupunguza sala akikusudia mwendo wa kilomita 80 na ushei. München na Venezia, hata ukipimia angani, zimeachana kwa karibu kilomita 300. Kama fiqhi imeridhika, mwandishi wa makala za safari ni nani akatae?

Dharau hii imetoka vitabuni. Mwaka 1883 Orient Express ilianza kutoka Paris kuelekea mashariki, ikipita hapa hapa München na Wien. Mwaka 1934 Agatha Christie akachukua treni ya ukoo huo, akaikwamisha kwenye theluji ya Yugoslavia, akaweka maiti ndani. Riwaya nzuri, sina ugomvi nayo. Lakini tangu hapo kila anayeandika juu ya treni ya usiku anatamani theluji na maiti. Jamani, riwaya inahitaji treni ikwame. Abiria anahitaji ifike.

Na abiria ni nani? Hapo ndipo penye jambo. Mwenye siku tatu za kuchezea relini ni mwenye likizo ndefu, au mwenye gazeti linalomlipia. Mimi nafanya kazi ya zamu. Nina Jumamosi na Jumapili, tena si kila wiki. Ijumaa natoka kazini, naoga, nakula, naenda stesheni. Jumamosi asubuhi natoka stesheni ya Santa Lucia, nashuka ngazi, na Mfereji Mkuu uko pale chini miguuni mwangu. Jumapili usiku narudi. Jumatatu niko kazini. Sikulipia hoteli usiku wa Ijumaa wala wa Jumapili. Mniambie, nani ana njia nyingine ya kupata siku mbili kamili Venezia kwa wikiendi ya siku mbili?

Utasema ndege. Haya, tuhesabu. Angani ni kama saa moja. Ongeza treni ya mji hadi uwanjani, dakika 40 kutoka katikati ya München. Ongeza foleni ya ukaguzi na kusubiri. Kisha uwanja wa Venezia uko bara, ng'ambo ya maji, kwa hiyo kuna basi au boti. Asubuhi nzima imekwenda, na ni asubuhi uliyokuwa macho. Treni inakula saa nyingi zaidi, kweli, lakini inakula zile ambazo ungezilala hata hivyo.

Hoja ya upande wa pili yenye uzito ni moja: usiku mfupi haulaliki. Ninaikubali nusu. Kuna usiku mfupi mbaya. Treni ya usiku ya Nairobi kwenda Mombasa huondoka saa nne na kukufikisha Miritini kabla ya alfajiri, nje ya kisiwa, ukiwa na usingizi nusu na mji haujafungua. Lakini kosa hapo ni la ratiba. Ufupi hauna hatia. Treni ya mchana kutoka München hadi Venezia kupitia Brenner hutumia kama saa saba. Ya usiku hutumia kama tisa, tena si kwa uzembe. Hupita Salzburg na Villach, mabehewa hukatwa na kuunganishwa njiani, na treni husubiri ili ifike watu wakiwa wanafungua maduka. Treni nzuri ya usiku hujua kuchelewa kwa adabu.

Halafu nunua kitanda. Wengi wanaoitukana treni hii walinunua kiti, wakakesha shingo upande, wakaja kuandika. Nyumbani kila mtu anajua tofauti ya daraja la tatu kukaa na daraja la pili kulala, na hakuna anayelala daraja la tatu akailaumu reli nzima.

Kwa nini nalia hivi? Kwa sababu treni hizi hufa, na hufa kirahisi. Desemba 2016 Deutsche Bahn iliacha kabisa kuendesha treni zake za kulala. Waaustria wa ÖBB ndio waliookota baadhi ya njia. Njia ya Berlin na Paris waliifufua Desemba 2023, na Desemba 2025 wakaifunga baada ya Ufaransa kuondoa ruzuku. Kitanda kinauzwa mara moja kwa usiku, wakati kiti cha mchana huweza kuuzwa mara tatu njiani. Treni hulipia kila kilomita ya reli. Mafuta ya ndege za kimataifa hayatozwi kodi. Katika hali hiyo, njia ya usiku mmoja ndiyo yenye nafasi ya kuishi: seti mbili za mabehewa zinaitosha, moja ikienda, nyingine ikirudi. Ukiidharau kwa sababu haikukupa sura ya kitabu, unasaidia kuizika.

Na kuna jambo moja ambalo waandishi wa siku tatu hawaligusi kabisa. Wanaisifu Ulaya isiyo na mipaka inayopita dirishani. Tangu 2015 treni zinazoingia Ujerumani kutoka Austria hukaguliwa, na sote tunajua ni nyuso zipi zinazoamshwa kwanza. Oktoba 2012 mahakama ya juu ya utawala mjini Koblenz ilibainisha kuwa rangi ya ngozi haiwezi kuwa sababu ya kumkagua abiria ndani ya treni. Sheria inajua. Tochi haijui. Kwa mtu mweusi, usiku wa relini ni mfupi kuliko unavyoandikwa kwenye ratiba.

Je, hiyo ni sababu ya kubaki nyumbani? Ndugu zangu wengine wanasema ndiyo, na siwacheki. Ila mimi naona kinyume. Tukiacha kupanda, behewa la kulala litabaki la wale wanaoota theluji na maiti, na mwenye tochi atazoea kutotukuta. Kwa hiyo nunua kitanda, cha chini kama kipo. Weka pasi na kibali cha ukaazi chini ya mto ili usihangaike kuvitafuta gizani. Akija, mpe, mtazame machoni, kisha mgeuzie mgongo ulale. Tiketi umelipia usiku mzima.