Vikao vya Madiwani Virushwe Mubashara kwa Mujibu wa Sheria

Januari 2016, Waziri wa Habari wa wakati huo, Nape Nnauye, aliliambia Bunge kwamba Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC) halitarusha tena mijadala yote moja kwa moja. Sababu iliyotajwa ni gharama: shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Wabunge wa upinzani walipinga, lakini wananchi wakaishia kupata kipindi cha usiku chenye vipande vilivyokwisha kuchaguliwa. Tamko la waziri lilitosha. Hapakuhitajika muswada wala kura.

Kenya ilichukua njia nyingine. Ibara ya 118 ya Katiba yake ya 2010 inalitaka Bunge lifanye kazi kwa uwazi, na ibara ya 196 inayabana vivyo hivyo mabunge ya kaunti. Spika anayetaka kuwazuia wananchi au wanahabari lazima awe na sababu ya msingi.

Kwetu Tanzania, pengo kubwa liko kwenye halmashauri. Baraza la madiwani ndilo linalopitisha bajeti ya zahanati, ushuru wa mazao na mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Vikao vyake viko wazi kwa umma, lakini mkulima wa kata ya pembezoni hawezi kutoa nauli na kupoteza siku nzima ya shamba ili akakae nyuma ya ukumbi, bila kabrasha mkononi, akisikiliza ukurasa ukitajwa na kupitishwa.

Hoja ya gharama haina nguvu hapa. Simu juu ya stendi na waya wa sauti kutoka kwenye vipaza sauti vya ukumbi vinatosha kuanzia. Hoja ya madiwani kucheza na kamera ina ukweli, ila mpigakura anayewaona atajua nani anasema na nani anafuatilia. Hatari kubwa zaidi ni maamuzi kumalizwa mapema kwenye Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, kisha baraza likaja kugonga muhuri tu. Kwa hiyo kamati hiyo nayo irushwe. Baraza likikaa kama kamati kujadili nidhamu ya mtumishi, kamera izimwe, lakini uamuzi utangazwe.

Bando nalo ni ghali. Ndiyo maana rekodi ina thamani kuliko urushaji wenyewe: ihifadhiwe, sauti yake itolewe peke yake, na redio za jamii ziitumie bure.

TAMISEMI, inayosimamia serikali za mitaa, ipeleke bungeni marekebisho ya sheria za serikali za mitaa za 1982, yenye masharti matatu: kikao kirushwe, rekodi itunzwe, kabrasha litolewe kabla ya kikao. Uwazi unaotegemea hisani ya kiongozi unaweza kuondolewa na kiongozi huyohuyo. Mwananchi anastahili haki anayoweza kuidai mahakamani.