Lengo Lisilo Mshale

Miongoni mwa maneno yaliyochoshwa na matumizi katika miaka hii, neno lengo limechoka kuliko mengi. Asili yake ni kulenga, kitendo cha mtu mwenye upinde mkononi, ambaye jicho lake limetulia mahali pamoja na mshale wake u tayari kutoka. Hajasikika mwindaji aliyesifiwa kwa kulenga tu; husifiwa aliyepiga. Lakini katika mambo ya tabianchi sifa hutolewa mapema. Serikali hutaja mwaka wa mbali, 2050 au 2060 au 2070, nayo hupigiwa makofi. Na walioutaja mwaka huo aghalabu hawatakuwa madarakani, na wengine hawatakuwa duniani, siku ya hesabu itakapowadia.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kabla ya viwanda kuenea Ulaya, katika kila chembe milioni za hewa, chembe 280 hivi zilikuwa za hewa ya ukaa. Mwaka 2024 zilipita 420. Hewa hiyo hupisha nuru ya jua ishuke, kisha huzuia sehemu ya joto linalopanda kutoka ardhini. Mwaka 2015 mataifa yalipatana mjini Paris kwamba joto la dunia libaki chini sana ya nyuzi 2 juu ya kipimo cha kabla ya viwanda, na juhudi ifanywe lisipite nyuzi 1.5. Mwaka 2024 ulikuwa wa kwanza kukipita kipimo hicho cha pili kwa wastani wa mwaka mzima. Mwaka mmoja haubatilishi mapatano, maana husomwa kwa wastani wa miaka mingi, lakini haukuyaongezea heshima.

Wanafunzi wa lugha wana sababu ya pekee ya kuutazama mkutano wa Glasgow wa mwaka 2021. Rasimu ya azimio ilitaka umeme wa makaa ya mawe ukomeshwe hatua kwa hatua. Saa ya mwisho India ilitaka kitenzi kibadilishwe, na kukomesha kukawa kupunguza. Mwenyekiti, Alok Sharma, aliomba radhi mbele ya wajumbe kwa sauti iliyokaribia kilio. Lawama zilimwagwa juu ya India, na kwa sehemu iliyastahili masuto hayo. Ila wachache waliuliza mbona azimio liliyakamia makaa ya mawe, tegemeo la maskini wengi wa Asia, bila kudai mafuta na gesi, starehe ya matajiri, vipunguzwe vile vile. Ilibidi kungoja Dubai, mwaka 2023, ndipo nishati zote za visukuku zitajwe pamoja. Na hapo kitenzi kilichopatikana kilikuwa kuhama, si kuacha.

Katika nafasi iliyoachwa na vitenzi legelege kama hivi, jiko la mkaa limesukumwa mbele kuwa mshitakiwa. Afrika nzima, yenye zaidi ya mtu mmoja katika kila watu sita wa dunia, hutoa sehemu zisizofika 4 katika kila 100 za hewa ya ukaa itokayo katika nishati za visukuku. Mmarekani mmoja hutoa kiasi cha tani 14 kwa mwaka; Mtanzania hafikishi nusu tani. Mkaa na ukataji wa misitu havimo katika hesabu hiyo, na haki yataka lisemwe hilo. Vikiongezwa, pengo hupungua lakini halizibiki.

Ubaya wa mkaa hauna haja ya kutiwa chumvi. Katika tanuri la udongo, kilo moja ya mkaa hula kilo tano za kuni au zaidi, na mara nyingi karibu kumi. Moshi wa majumbani, kwa kadirio la Shirika la Afya Duniani, uliua watu milioni 3.2 katika mwaka 2020. Kwa hiyo mkakati uliozinduliwa Tanzania mwaka 2024, wa kuwafikisha watu 80 katika kila 100 kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, una haki ya kuungwa mkono. Lakini mama anayepata fedha yake kutwa kwa kutwa hununua mkaa wa kopo, upikao chakula cha jioni hiyo. Gesi ya mtungi humtaka atoe kwa mara moja fedha ya siku nyingi. Anayemhubiria habari za misitu pasipo kumtajia bei ya mtungi hajui anachosema, au anajua na hajali. Mwaka 2006 mkaa ulipigwa marufuku Tanzania. Marufuku hayo hayakudumu, kwa sababu watu walipaswa kula.

Iko hoja ya upande wa pili, nayo ni mbovu vile vile: kwamba Ulaya ilichoma, basi Afrika nayo ichome. Wenye hoja hii hupenda kukumbusha kwamba Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilishutumu bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga, na Januari 2023 polisi wa Ujerumani wakawaondoa wapinzani katika kijiji cha Lützerath ili makaa ya mawe yachimbwe. Ni kweli tupu. Lakini unafiki wa mhubiri haumtakasi msikilizaji. Bwawa la Julius Nyerere juu ya Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, linategemea mvua; mwaka 2022 ukame ulileta mgawo wa umeme na maji, na mwaka 2024 mafuriko yalizamisha mashamba katika bonde lile lile la Rufiji. Nchi iliyokabidhi taa zake kwa mto itasemaje kwamba tabianchi ni ugomvi wa wengine?

Imebaki fedha. Huko Copenhagen, mwaka 2009, matajiri waliahidi dola bilioni 100 kila mwaka ifikapo 2020. Kiasi hicho kilitimia 2022, na sehemu yake kubwa ilikuwa mikopo, yaani aliyeunguziwa nyumba alikopeshwa maji, na riba juu yake. Baku, mwaka 2024, palitajwa bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035. Kitenzi walichokubali matajiri hapo hakikuwa kulipa, bali kuongoza.