Jarida la nyota lavaa nguo mpya: Mtu wa Msambweni apata nini?

Jarida libadilishwapo sura, wasomaji wake hawanyamazi. Ndivyo ilivyo kwa magazeti ya siasa na ya michezo, na ndivyo ilivyo kwa majarida ya wapenzi wa falaki, yaani watu wanaozitazama nyota kwa mapenzi yao wala si kwa mshahara. Sura mpya itokapo, wasomaji hugawanyika mafungu mawili. Fungu la kwanza hufurahia picha kubwa, rangi nyingi na karatasi yenye kung'aa. Fungu la pili hulalamika: herufi zimekuwa ndogo, majedwali yamepunguzwa, na nafasi ya watazamaji wa kawaida kueleza waliyoyaona imebanwa.

Ndugu msomaji wa Kwale huenda akauliza, ugomvi huu wa wageni unatuhusu nini sisi? Unatuhusu, kwa sababu hatuna watu wenye haja ya elimu ya mbingu kuliko Waislamu wanaoishi ukingoni mwa bahari. Saumu yetu, Idi zetu, kibla chetu na hata kitoweo chetu vyote vimefungamana na jua na mwezi. Kwa hiyo anayeamua kipi kiingie na kipi kitolewe katika ukurasa wa nyota, anaamua jambo letu pia.

Historia fupi ya majarida hayo

Tutazame majarida mawili makubwa ya Marekani. Sky & Telescope lilianza mwaka 1941 kwa kuunganishwa majarida mawili yaliyotangulia. Astronomy lilianza mwaka 1973, na tangu mwanzo likajipatia sifa kwa picha za rangi. Mwaka 2004 wenye Sky & Telescope walitoa jarida jepesi la wanaoanza, lililoitwa Night Sky, lakini halikudumu; mwaka 2007 likafungwa. Mwaka 2019 kampuni iliyolimiliki Sky & Telescope ilifilisika, na jarida likanunuliwa na Jumuiya ya Wanafalaki ya Marekani. Mwaka 2024 Astronomy nalo likauzwa kwa wenyewe wapya.

Katika habari hizi pana funzo. Jarida la nyota ni biashara kama duka. Mwenye duka akibadilika, bidhaa hupangwa upya rafuni, na msomaji wa zamani huingia na hofu asije akakuta alichokizoea kimeondolewa. Picha ya rangi huliuza gazeti. Jedwali la nambari haliuzi, hata kama ndilo lililomfanya mtu aliweke jarida lake mwaka mzima. Basi malalamiko ya wasomaji wa zamani si ukaidi wa wazee. Wanaulizia chombo cha kazi.

Ramani ya mbingu za nani?

Lakini hata jarida lililo jema kabisa lina ila moja kwa mtu wa Diani au Msambweni, na ila hiyo haiponi kwa kubadilisha herufi. Ramani ya nyota iliyomo katikati ya majarida hayo imechorwa kwa ajili ya mtu aliyesimama kiasi cha digrii 40 kaskazini ya Ikweta. Sisi tuko kiasi cha digrii 4 kusini yake.

Tofauti hiyo si ndogo. Ile nyota ya Jaa, ambayo ramani zao huifanya mhimili wa kila kitu, kwetu haionekani. Iko chini ya upeo wa macho. Na Suheli, nyota ya pili kwa mng'aro katika nyota zote za usiku, ambayo mabaharia wetu waliifanya jina la upande wa kusini, haimo kabisa katika ramani ya digrii 40, kwa sababu huko haichomozi. Msalaba wa Kusini, unaosimama wazi juu ya bahari yetu katika jioni za mwezi wa Mei, haumo vilevile. Mtoto wa Ukunda akipewa ramani hiyo ataitafuta nyota isiyokuwapo, na nyota iliyo mbele ya macho yake hatapata jina lake.

Hata mwezi wenyewe wachorwa kigeni. Katika picha zao hilali imesimama wima. Kwetu, karibu na Ikweta, mara nyingi hilali hulala chali mfano wa mtumbwi, pembe zake zikielekea juu. Mtu anayeutafuta mwezi mwandamo huku ana picha ya kigeni kichwani aweza kuupita kwa macho asiutambue.

Wenzetu wa Afrika Kusini walikwisha kuliona jambo hili. Jumuiya yao ya wanafalaki, iliyoundwa mwaka 1922, hutoa kitabu cha mbingu cha kila mwaka kilichochorwa kwa macho ya mtu wa kusini. Hicho kinatukaribia zaidi, ila nacho hakijui Kiswahili.

Mizani ya msomaji wa kusini

Mpe jarida la sura mpya mvuvi wa Gazi. Atalifungua, ataisifu picha ya Zohali na pete zake, kisha atauliza: bamvua iko ukurasa gani? Yeye anajua ya kwamba mwezi ukiandama na ukiwa mpevu maji hutanda na kukauka sana, na ya kwamba katikati ya hapo huja maji mafu. Anajua pia kwamba siku za bamvua kwetu maji hujaa kama saa kumi na hukauka kama saa nne, na kwamba kila siku yanachelewa kwa dakika hamsini hivi. Kina mama wanaokwenda mwambani kuchokoa pweza hupanga wiki yao kwa hesabu hiyo. Jedwali la umri wa mwezi kwao ni ratiba ya kazi.

Mpe mkulima wa bara ya Kwale. Atauliza habari za Kilimia, kile kishada cha nyota kinachobeba jina la kulima. Wazee walikiangalia kikizama jioni katika masika na kikizuka tena alfajiri mwezi wa Juni, na kwa hicho wakaamua wakati wa jembe. Hesabu ya Nairuzi, yenye miongo ya siku kumi kumi, ilikuwa almanaki ya pwani nzima kabla ya kalenda za ukutani.

Mpe mwalimu wa madrasa. Atauliza kibla. Hapa pana jambo la ajabu ambalo jarida la kigeni haliwezi kulijua. Makka na Msambweni karibu zimo katika mstari mmoja wa kaskazini na kusini, hata kibla chetu ni kaskazini karibu kamili, na ndiyo maana Mswahili husema "kibla" akimaanisha kaskazini. Kila mwaka, tarehe 27 au 28 Mei, jua husimama utosini mwa Al-Kaaba saa sita na dakika 18 mchana, na saa ya Makka ni sawa na yetu. Wakati huo simamisha kijiti wima uwanjani: kivuli chake kitaelekea kusini, na aliyekipa kivuli mgongo amekielekea kibla. Jua hurudi hapo tena tarehe 15 au 16 Julai, saa sita na dakika 27. Kwa mistari minne tu ya habari kama hii, msikiti wa kijijini waweza kusahihisha safu zake bila ya gharama.

Mwezi mwandamo

Sasa tufike penye uzito. Kila mwaka Shaabani na Ramadhani zikikaribia kwisha, mji wetu huingia katika suala lile lile. Wako wanaongoja tangazo la Kadhi Mkuu wa Kenya, wako wanaofuata Makka, na hutokea nyumba moja ikala Idi mara mbili, baba leo na mwana kesho. Si kazi ya ukurasa huu kutoa fatwa. Wenye elimu wapo. Lakini yafaa ieleweke falaki inaweza kutusaidia nini, na wapi haiwezi.

Mwezi mmoja wa mbinguni una siku 29, saa 12 na dakika 44 kwa wastani. Baada ya kukutana na jua, mwezi hauonekani mpaka ujitenge nalo kiasi cha digrii 7, kipimo alichokieleza mwanafalaki Mfaransa André Danjon katika miaka ya 1930. Hilali ambayo umri wake haujafika saa 15 ni nadra mno kuonekana kwa macho matupu. Kwa hesabu hizi jedwali haliwezi kusema "mwezi umeonekana". Hiyo ni kazi ya jicho na shahidi mwadilifu, na mawingu hayasomi jedwali. Lakini laweza kusema kwamba jioni fulani, hapa Kwale, mwezi utatua kabla ya jua, au utabaki juu kwa dakika 40 upande huu wa machweo.

Wala tusidhani kwamba mjadala huu umeletwa na darubini. Imamu Taqiyuddin Subki, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafi, aliyefariki mwaka 756 Hijria, alishika rai kwamba ushahidi wa kuona mwezi usikubaliwe iwapo hesabu ya yakini yaonyesha ya kwamba haiwezekani kuonekana. Wako waliompinga katika madhehebu yale yale, wakisema shahidi ndiye aliyetajwa na sheria. Pande zote mbili zilikuwa na hoja, na zilijadiliana kwa adabu. Sisi leo twagombana bila hata kujua mwezi unatua saa ngapi.

Picha nazo zina haki yao

Tusiwe wadhalimu. Picha kubwa si upuuzi. Ni picha ya Zohali, si jedwali, inayomfanya mtoto wa miaka kumi aombe darubini. Mradi wa The Travelling Telescope, ulioasisiwa Kenya mwaka 2014 na Susan Murabana na Chu Owen, umezungusha darubini mashuleni kwa kulijua jambo hilo: mtoto lazima kwanza ashangae. Lakini picha zina hila. Rangi zile za waridi na buluu za mawingu ya nyota hupatikana kwa kamera kukusanya mwanga muda mrefu. Mtoto akichungulia darubini huona utando wa kijivu, na asipoelezwa hudhani ametapeliwa. Jarida la kweli huweka picha, kisha likasema jicho litaona nini.

Vilevile jarida kwa watu wetu lazima litenge falaki na unajimu. Utabiri wa nyota ya mtu na riziki yake ni biashara nyingine, na dini yetu imekwisha kuisema. Jua lilipopatwa siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume, mwaka wa 10 Hijria, watu walihusisha mambo mawili hayo, naye Mtume (S.A.W.) akawakataza: jua na mwezi havipatwi kwa kifo cha mtu wala kwa uhai wake. Funzo hilo lina kazi tarehe 2 Agosti 2027, ambayo ni siku ya jua kupatwa kabisa huko Luxor, Jeddah na Makka yenyewe, na kwa sehemu hapa pwani. Ukurasa wa nyota wenye akili ungewakumbusha watu Sala ya Kusuf, na ungewaonya wasilitazame jua kwa macho matupu wala kwa miwani ya kawaida, wasije wakapofuka.

Somo la Sahifa

Pwani hii haikosi mfano wa gazeti lililobadilika sura. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu, alianza mwaka 1930 na Sahifa, kijikaratasi kidogo cha Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mwaka 1932 akatoa Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Baadaye makala ya Sahifa yalikusanywa kitabuni kwa jina la Uwongozi. Sura ilibadilika mara ile, ikabadilika tena. Kilichobaki kikasomwa na wajukuu ni maneno yaliyomfaa msomaji katika maisha yake. Hakuna anayekumbuka karatasi ya Sahifa ilikuwa nyororo kiasi gani.

Kwa mizani hiyo na tuyapime majarida ya nyota, na tujipime sisi wenyewe. Kuwasubiri wahariri wa Marekani watuchoree mbingu za Msambweni ni kusubiri meli bandari isiyo yake. Magazeti ya Kiswahili yana nafasi. Kalenda za misikiti zimo ukutani katika kila nyumba, kutoka Vanga hadi Likoni. Robo ya ukurasa kila mwezi yatosha: siku na saa ya mwezi kuungana na jua, dakika za kubaki kwake baada ya magharibi, siku za bamvua, nyota zilizo juu wakati wa isha, na siku ya kivuli cha kibla. Vijana wetu wa sekondari wanaojua hesabu waweza kuitengeneza, na masheikh waweza kuikagua.

Na iharakishwe, maana mbingu zenyewe zinafifia. Taa za mahoteli na za mji wa Ukunda zimekwisha kuufunika usiku wa Diani, na nyota ndogo za Kilimia zapungua machoni. Giza lililo safi limebaki zaidi upande wa Shimoni, Wasini na Vanga. Tukichelewa, kizazi kijacho kitaipata Suheli katika picha nzuri za rangi, nayo iko juu ya paa la nyumba yao.